Kanisa si Kipaza Sauti cha Chuo Kikuu

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wachungaji, mapadre, makatekista, mama zangu wa vikundi vya akina mama, na walimu wenzangu wa chuo, asanteni kwa kuja.

Nianze na sisi wa chuo. Mara nyingi tunafika kanisani utafiti ukiwa umeshaandikwa, fedha zimeshapatikana, hojaji zimeshachapwa. Tunachoomba ni dakika tano za matangazo. Mchungaji anatutambulisha, tunasema yetu, tunaondoka. Huo mimi siuiti ushirikiano.

Ushirikiano wenyewe umeshafanyika hapa hapa Kanda ya Ziwa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la Lancet. Watafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, na wenzao wa chuo cha tiba cha Weill Cornell cha Marekani walikuwa wakihangaika na suala la tohara. Majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda yalikuwa yameshaonyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa VVU kwa takriban asilimia 60. Huduma ikapelekwa hadi vijijini. Lakini Wasukuma kwa mila hawatahiri, na wengi hawakujitokeza.

Hapo watafiti wakakaa na waumini, wakawasikiliza. Wengine walisema tohara ni ya Waislamu. Wengine walisema ni ya wazinzi. Wengine wakasema sisi tumefundishwa tohara ya moyo, hii ya mwili ya nini?

Tazameni swali hilo la mwisho. Bango la wizara halina jibu lake. Mtu ambaye dhamiri yake inamwambia kwamba anarudi chini ya sheria ya kale, ukimtajia asilimia 60 hujamjibu kitu. Wa kumjibu ni yule anayemfungulia Waraka kwa Warumi kila Jumapili. Na waumini hao hao, karibu wote, walitamani makanisa yao yalizungumzie jambo hilo.

Ikaandaliwa semina ya siku moja kwa viongozi wa makanisa. Walimu walikuwa wawili, mchungaji na tabibu, wote Watanzania. Baada ya semina, timu iliendelea kukutana na viongozi hao kila wiki mbili hadi kampeni ikaisha. Vijiji vilikuwa 16: nane vilipata semina, nane vilibaki na uhamasishaji wa kawaida. Kwenye vijiji vya semina, asilimia 52.8 ya wanaume walitahiriwa. Kwingine asilimia 29.5.

Ninavyoona mimi, siri ilikuwa pale mbele ya darasa. Mchungaji alisimama kama mwalimu, sawa na tabibu. Hakuletwa pale kufungua kwa sala na kukaribisha wageni.

Sasa nigeukie wachungaji, maana nguvu hiyo hiyo inanitia hofu. Ukisema madhabahuni "tushiriki utafiti huu", nani atakataa? Mama ambaye wiki iliyopita ameomba kanisa limsaidie ada ya mtoto, atakataa kwa uso gani? Kwa hiyo fundisha, hamasisha, lakini ridhaa ichukuliwe mahali ambapo haupo, na orodha ya waliokubali na waliokataa isikufikie kabisa. Majibu ya kipimo vivyo hivyo. Hata kama nia yako ni kumwombea, usimuulize muuguzi. Muumini akitaka kukuambia, atakuja mwenyewe.

Na sisi watafiti, fedha ya kurudisha matokeo iandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Turudi kanisa lile lile, tuzungumze Kiswahili au Kisukuma, tukae hadi maswali yaishe, hata kama matokeo hayakutupendeza. Jarida lisijue kabla ya waliotoa damu yao.

Haya yote nimeyaweka kwenye rasimu ya makubaliano mnayogawiwa sasa. Isomeni na wazee wa kanisa, na mahali msipokubaliana nami, kateni na muandike lenu.