Ganda la risasi limepasuka kwenye raifo? Angalia haya kabla hujapiga nyingine

Habari zenu wadau, hasa nyie mnaomiliki raifo kihalali huku Mwanza na kanda nzima ya ziwa. Leo ni ganda lililopasuka, maana kuna watu moja ikipasuka wanaingiza nyingine eti wapime kama bunduki bado nzima. Jamani msifanye hivyo, ile gesi ya baruti ikirudi nyuma inakuja machoni.

Kwanza acha kupiga, mtutu uelekeze sehemu salama, toa magazini, fungua bolti, kile chuma kinachofunga risasi kwa nyuma, taratibu. Ikigoma usigonge na nyundo, hiyo ni kazi ya fundi. Ikifunguka mulika na tochi kwa nyuma, mwanga utokee mbele, na kwenye chemba, pale risasi inapokaa, kusiwe na kipande cha ganda kilichobaki.

Sasa ganda lenyewe, usilitupe! Nasogeza kamera, mnaona huu ufa umezunguka kama pete, juu kidogo ya kitako cha ganda? Hapa mara nyingi nafasi kati ya bolti na chemba imezidi, au ganda limejazwa upya mara nyingi mpaka limevutika likawa jembamba. Chukua waya mwembamba, kunja ncha, ingiza kwenye maganda mengine yaliyopigwa na bunduki hiyo hiyo, kwaruza ukuta wa ndani ukishuka, ukihisi mfereji karibu na kitako ujue na hayo yalikuwa yanaelekea kukatika.

Ufa ukiwa wa wima, shingoni au ubavuni, mimi naanza kushuku ganda lenyewe, limezeeka au limeliwa na amonia. Hili tulizingatie sana, maana risasi zinawekwa stoo iliyoshikana na banda la kuku, mbolea inatoa amonia, ongeza na unyevu wetu huu wa ziwa, nyufa zinaanza kidogo kidogo huoni kitu. Jeshi la Waingereza kule India liliwahi kusumbuka hivi hivi, risasi zilizokaa karibu na mazizi ya farasi zilikuwa zinapasuka msimu wa mvua.

Geuza kitako. Praima, kile kidude cha katikati kinachowasha baruti, ikiwa imetoboka au imeng'oka, mara nyingi presha ilizidi. Soma na maandishi yake, kwa sababu risasi ya saizi ya .308 inaweza kuingia kwenye raifo ya saizi ya .30-06 na ikalipuka, ganda linatoka limevimba, shingo karibu imefutika.

Chemba sasa. Funga pamba kwenye kijiti, pitisha polepole, ikinasa pana shimo la kutu au gesi imekula chuma. Maganda yote yakiwa na mkwaruzo kwenye urefu ule ule, tatizo lipo ndani ya chemba. Angalia na uso wa bolti, vishimo kuzunguka tundu la pini inayogonga praima ni gesi hiyo. Na raifo isilale kwenye mkoba wa ngozi, unashika unyevu.

Risasi zilizobaki za boksi hilo zitenge, mpelekee fundi silaha mwenye leseni pamoja na ganda, apime ile nafasi kati ya bolti na chemba kwa geji. Bolti ikifunga kwenye geji ya fildi, ile ya kikomo cha mwisho, bunduki hiyo haipigwi mpaka itengenezwe.