Ruta mbili si mbadala mpaka zielewane

Ndugu zangu mafundi, muda ni mchache na pilau inanukia huko nje, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Ofisi nyingi hapa Dodoma, mjini hata Mtumba, zina ruta mbili, vile vifaa vinavyounganisha ofisi na intaneti. Bosi akiuliza, anajibiwa mbadala upo. Mimi huuliza: ya kwanza ikizima sasa hivi, kompyuta ya karani itajuaje kuhamia ya pili?

Kwenye IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za mtandao, tulishazoea kuweka VRRP, utaratibu wa ruta kupokezana kazi moja ikizima. Kwenye IPv6, mfumo mpya, watu hulegea, kwa kuwa kila ruta hujitangaza na kompyuta hujichagulia. Ni kweli, itahama. Ila kwa mipangilio ya kawaida huchukua takriban sekunde 38 kugundua kwamba ruta haipo. Kwa anayesoma habari si kitu. Kwa karani anayetoa namba ya malipo, foleni imefika mlangoni, huo ni ugomvi.

VRRP toleo la 3, la mwaka 2010, hubeba IPv4 na IPv6. Ruta zote mbili hushika anwani moja ya pamoja. Ruta moja ni kiongozi, nyingine msaidizi. Kiongozi hutangaza kila sekunde kwamba yupo, kwa IPv6 akitumia anwani ya matangazo FF02::12, msaidizi anasikiliza. Msaidizi mwenye kipaumbele 100 (namba ya kuamua nani aongoze, kubwa hushinda) akikosa matangazo kwa sekunde 3.6 hivi, anashika usukani.

Hapa ndipo wengi hukwama: anwani ya kwanza ya kundi la IPv6, yaani ruta hizo mbili zikishirikiana kwa IPv6, lazima iwe ile inayoanza na fe80, isiyovuka ruta. Iandikeni ileile pande zote mbili, maana ndiyo kompyuta huitambua kama lango la kutokea.

Halafu kuna katapila. Likikata faiba huko barabarani, kiongozi bado anawatangazia wa ndani kwamba yupo, na data zao zinaishia kwake. VRRP peke yake haiangalii upande huo. Mwambieni kiongozi aichunge ile laini ya nje: ikikatika, kipaumbele kishuke kutoka 120 hadi 90, msaidizi wa 100 achukue.

Na tafadhali, ruta mbili kwenye UPS moja, betri ya akiba ya umeme, ni kujidanganya.

Jaribuni jioni, watu wakishatoka. Chomoeni kebo huku mnapiga ping, vile vijumbe vya kupima kama mtandao unajibu, za IPv4 na IPv6 kwenye madirisha mawili, kwa sababu kundi la IPv4 na la IPv6 huhama kila moja kivyake. La kwanza likipona, la pili laweza kuwa bado limelala.