Krismasi Hallstatt, Austria: fika mapema, na ubebe chakula

Habari zenu wapendwa, mlioko nyumbani na popote mnaponitazama. Wengi mmeuliza kuhusu Hallstatt, kile kijiji cha Austria kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, chenye wakazi wasiofika elfu moja. Picha zake zinazunguka kila Desemba, lakini hazikwambii jambo moja: huku sikukuu yenyewe ni jioni ya tarehe 24. Maduka yanafungwa saa nane mchana au kabla, na hayafunguliwi hadi tarehe 27. Ukifika jioni mikono mitupu, utalala njaa.

Viza ya Schengen, ile ya kuingia Austria na nchi nyingi za Ulaya, unaweza kuiomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya afya iwe ya kiwango cha euro 30,000 kwenda juu. Kwa safari ya Desemba, anza Agosti. Ukingoja Novemba utabanwa na miadi.

Ukitokea mji wa Salzburg, panda treni hadi Attnang-Puchheim, badilisha hapo, kisha teremka Hallstatt. Tenga kama saa mbili na nusu. Kaa kushoto ulione ziwa Traunsee, halafu mkishapita mji wa Bad Ischl hamia kulia, ziwa la Hallstatt litatokea upande huo. Sasa sikilizeni vizuri: kituo cha treni kiko ng'ambo ya ziwa. Kijijini unavushwa na boti inayosubiri treni, dakika kumi hivi, na nauli andaa taslimu. Usiku boti hakuna. Ya mwisho hutoka jioni mapema. Treni ikikuteremsha baada ya hapo, umebaki gizani ukiangalia taa za kijiji ng'ambo ya maji. Ikikutokea kuchelewa, usishuke hapo. Endelea hadi kituo kinachofuata cha Obertraun, na teksi uwe umeiagiza ukiwa bado ndani ya treni.

Chakula nunua Bad Ischl, kwenye duka kubwa, asubuhi ya tarehe 24 au siku moja kabla: mkate, mayai, jibini, matunda, vya kutosha siku mbili na nusu. Mgahawa wa hoteli ukiwa wazi usiku huo, meza inatakiwa iwekwe mapema. Kwenye vibanda vya Krismasi kuna divai ya moto yenye mdalasini na karafuu. Asiyekunywa pombe aombe Kinderpunsch, ni juisi ya matunda yenye viungo hivyohivyo. Unalipia na kikombe. Ukikirudisha unarudishiwa pesa yake.

Theluji msiihesabu kuwa ya uhakika. Kijiji kiko mita 511 tu juu ya usawa wa bahari, na siku za Krismasi mara nyingi joto hupanda kidogo ikanyesha mvua, halafu usiku maji yanaganda kwenye ngazi za mawe. Hapo ndipo watu wanavunjika viuno. Vaa buti zenye soli ya mpira yenye meno, na begi liwe la mgongoni, maana nyumba nyingi zinafikiwa kwa ngazi. Nguo ya ndani iwe ya sufu. Pamba inashika jasho na kukuganda mwilini. Soksi mbili zinazobana zinazuia damu na miguu inazidi kupoa, hivyo vaa moja nene. Simu iweke mfuko wa ndani, baridi inamaliza chaji. Kamera ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia chumba chenye joto, uiache nusu saa. Vinginevyo lenzi itajaa ukungu.

Jioni ya 24, nenda makaburini, pale kanisa Katoliki lililo juu ya ziwa. Familia huwasha mishumaa kwa ajili ya marehemu wao kabla ya kwenda mezani. Simama pembeni, simu iwe mfukoni. Na nyumba kadhaa bado zinafuata desturi ya kufukiza: makaa yanawekwa kwenye kikaango, juu yake ubani, ule ule tunaoujua pwani kutoka Oman na Somalia, kisha mwenye nyumba anapita nao chumba kwa chumba hadi zizini, wengine wakimfuata wakisali. Mwenye chetezo kwao ataitambua harufu kabla hajaona moshi. Hufanywa tena tarehe 31 na tarehe 5 Januari.

Hiyo 5 Januari, kama viza inaruhusu, nenda mji wa Ebensee, kwenye reli hiyohiyo. Wanaume waliovaa nyeupe hukimbia mitaani wamebeba kichwani makofia makubwa ya fremu za mbao na karatasi, yamewashwa taa kwa ndani, na kengele zinalia viunoni. Chumba cha usiku huo chukua Ebensee kwenyewe, kwa sababu shughuli inaanza giza likiingia na boti ya Hallstatt hutaiwahi.