SSH Inaingia Halafu Inaganda: Tunasaka MTU Kwenye Seva ya Linux

Haya wadau, asalaam aleykum, karibuni tena hapa dukani Ngamiani, Tanga. Leo twende na kitu ambacho mmeniuliza sana kwenye meseji na mi mwenyewe nakipenda kweli, yan seva unaipigia pingi inajibu vizuri, SSH, ile ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, unaingia, ls inakuja, ukiandika dmesg, ile inayoonyesha kumbukumbu za mfumo, tu... kimyaa. Skrini imeganda. Mtu anaanza kubadilisha kebo, anazima ruta anawasha, anawapigia watoa intaneti wanamwambia laini nzima. Na ni nzima kweli, pingi si inapita!

Shida ni saizi ya paketi, vile vifurushi vya data, na MTU ndo saizi kubwa kabisa ya paketi inayoruhusiwa kupita. Chukua machungwa ya Muheza, kimfuko kinapita kila mlango ila lumbesa linakwama. Pingi ya kawaida inabeba baiti 56 tu, hicho ndo kimfuko. dmesg inamwaga mistari kibao, seva inajaza gunia mpaka 1500, na njiani kuna mlango mwembamba zaidi ya hapo. Ruta ya pale mlangoni inatakiwa irudishe ujumbe wa ICMP, yan zile taarifa fupi za mtandao ambazo hata pingi inazitumia, kwamba hili halipiti, punguza, ila kuna mtu kafunga ICMP yote kwenye fayawoli akidhani ndo ulinzi, basi ujumbe haurudi na seva inatuma lumbesa lilelile tena na tena. Jamani msifunge ICMP yote, nawaomba. Utaratibu wa kutafuta saizi ya njia umeandikwa tangu 1990 kwenye hati ya kanuni za intaneti, RFC 1191, na wote unategemea huo ujumbe mmoja.

Twende. Ingia kwenye seva uwe ruti, yan msimamizi mkuu, andika ip link, pale unaona... ngoja nikuze maandishi, kwenye simu hamtaona. Haya, mtu 1500. Sasa pima, upande wa pili naweka anwani ya kompyuta iliyoko nje:

ping -M do -s 1472 -c 3 anwani

Hiyo -M do inakataza paketi isikatwekatwe. Na kwa nini 1472, siyo 1500? Kwa sababu -s ni mzigo peke yake, juu yake kuna hedi ya ICMP baiti 8 na hedi ya IP baiti 20, jumla 28. Ukiandika 1500 pale seva yenyewe inakukatalia, unasoma message too long, hapo njia hujaipima kabisa, paketi haijatoka hata mlangoni kwako. Ishike hiyo 28.

Mnaona, zote tatu zimepotea. 1400, inapita. 1450, inapita. 1470 kimya. 1464... imepita. 1465... kimya. Tumeipata! 1464 jumlisha 28 ni 1492, na ukikutana na 1492 mara nyingi ni PPPoE, njia ambayo watoa intaneti wengi wanaunganishia laini, inachukua baiti 8 zake. Ingekuwa WireGuard, ile ya VPN, yenyewe kawaida inakaa 1420. Kuna na tracepath, inakutafutia MTU ya njia yenyewe, ila mi napenda kupima kwa mkono, pale ICMP ilipofungwa tracepath inakuandikia no reply tu mpaka unachoka.

Sasa SIMAMA. Usiguse MTU ya seva iliyo mbali kabla hujaweka kamba ya kurudi. Niliwahi kuandika 142 badala ya 1420 kwa seva ya mteja mmoja iliyoko Pangani, SSH ikakata hapohapo, nikapanda gari kwenda kuweka sifuri moja. Kwa hiyo kwanza hii:

nohup sh -c 'sleep 120; ip link set dev eth0 mtu 1500' &

Baada ya dakika mbili inarudisha yenyewe hata ukiwa nje. Hii kwanza, narudia, hii kwanza. Halafu ndo:

ip link set dev eth0 mtu 1492

Eh, cannot find device. Aah, hii seva kadi yake inaitwa enp3s0, siyo eth0, na ile kamba nayo nimeifunga kwenye jina siyo, kwa hiyo sa hivi sina ulinzi wowote. Ndo maana ip link unaisoma jina, siyo namba tu. Naandika kamba upya, enp3s0, sawa, kisha 1492, soma namba kabla ya enta, tarakimu nne, moja nne tisa mbili. Enta. Nafungua SSH mpya, dmesg... tazama inavyoshuka hiyo! Raha sana hii.

Na upande wa pili umepona pia, kwa sababu TCP ikifungua muunganisho seva inataja MSS yake, yan data nyingi kabisa inayokubali ndani ya paketi moja, MTU toa 40 za hedi ya IP na ya TCP, yan 1452, basi hata wanaotuma kwetu wanapunguza gunia.

Oya, mbona imeganda tena? Ngoja. ip link... 1500. Dakika mbili zimeisha, kamba imevuta. Inafanya kazi, mmeiona wenyewe. Ukiridhika iue na kill kabla haijafika.

Ya kudumu sasa, maana uliyoweka kwa ip link set inapotea seva ikizimwa. Kwa Ubuntu fungua faili la netplan, ndo lenye mipangilio ya mtandao, chini ya enp3s0 ongeza mtu: 1492, tumia spesi usiguse kitufe cha Tab, kisha andika netplan try, siyo apply. Try inasubiri sekunde 120, usipobonyeza enta inarudisha ya zamani. Kamba ileile, imekuja tayari.

Kama seva ndo geti la ofisi nzima usizunguke kila kompyuta, weka hii moja, inapunguza MSS ya kila muunganisho unaopita hapo:

iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu

Nabonyeza enta kwenye try... imekubali. dmesg mara ya mwisho, inashuka mpaka chini. Ruta za PPPoE ninazo hapa dukani, ukichukua moja nakupimia laini yako bure, njoo na laptopu.