Hesabu ya Punje 59

Wazee wetu, akina mama, walimu na vijana wa chuo, hamjambo. Asanteni kwa kuacha palizi mkaja Kakamega leo. Njugu mawe ni nini sitaeleza. Aliyekulia Butere au Matungu anazijua tsimbande tangu meno ya utotoni. Nimekuja na neno lilelile nilisemalo kila mkutano, na leo narudia: acheni kutupa rangi.

Chukua gorogoro moja ya njugu mawe kwa mama yeyote sokoni, uimwage kwenye ungo. Kuna nyeupe za maziwa, nyeupe zenye jicho jeusi, nyekundu, kahawia, nyeusi tititi, na zile za madoadoa kama yai la kware. Mnunuzi anataka nyeupe. Basi mama anachambua: nyeupe zinauzwa, zilizobaki zinaingia sufuriani. Kwa chakula sina neno. Shida inaanza Machi, mvua ikinyesha, pale mbegu ya kupanda inapochotwa kwenye lile fungu la nyeupe peke yake. Misimu mitatu ya namna hiyo, na shamba lililokuwa na koo ishirini limebaki na mbili.

Nasema koo kwa makusudi. Njugu mawe hujichavusha yenyewe. Ua likifunguka alfajiri, chavua imeshafika mahali pake. Kwa hiyo mtoto hufuata mzazi, kizazi baada ya kizazi. Mchanganyiko wa ungoni ni koo nyingi zinazokaa shamba moja bila kuoana, wala si mbegu chafu inayongoja kusafishwa. Ukoo huu hukomaa siku mia, ule siku mia na thelathini. Huu hustahimili jua la Juni, ule haulistahimili. Na rangi ni nguo tu: punje mbili nyeupe zinaweza kuwa za koo mbili zisizojuana kabisa. Ukitupa nyeusi, umetupa pamoja nayo chochote ambacho ukoo ule ulibeba, na hujui ni nini, kwa sababu ugonjwa utakaokifanya kiwe na thamani bado haujafika.

Mtu aliyeniletea mbegu ya kuhifadhi ataniambia: "Mwalimu, si nilikupa kiganja kimoja? Kinatosha." Hakitoshi! Tupige hesabu. Tuseme ukoo fulani ni mmea mmoja katika kila ishirini shambani. Ukichukua punje kumi kutoka mimea kumi, nafasi ya kuupata ukoo huo ni asilimia 40 hivi. Yaani una hatari zaidi ya kuukosa kuliko kuupata. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95, unahitaji punje 59, kila moja kutoka mmea wake. Maneno ya mwisho hayo ndiyo watu huyaruka. Wanang'oa mashina mawili yaliyozaa vizuri pale kando ya njia, wanajaza bahasha, punje mia moja na zaidi. Punje mia za mashina mawili ni koo mbili. Basi. Tembea shamba zima kwa mistari, katikati na pembeni, penye rutuba na penye changarawe, ng'oa shina kila baada ya hatua kadhaa, chukua punje moja moja. Usichague shina zuri. Ukichagua, umeshachambua tena, safari hii kwa macho yako badala ya macho ya mnunuzi.

Kwa nini nalisumbukia hivi? Kwa sababu ya maharagwe, na hapa Magharibi mnajua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuoza kwa mizizi kulimaliza maharagwe Vihiga na Kakamega. Mashamba madogo, maharagwe juu ya maharagwe kila msimu, udongo umechoka, na ile rosecoco, GLP 2, iliyopendwa na kila mtu, ikanyauka karibu yote. Ukombozi ulitoka wapi? KK8, KK15, KK22: mbegu zilizojaribiwa hapahapa, lakini KK22 chimbuko lake ni RWR 719 ya Rwanda. KK15 ni nyeusi. Nyeusi! Rangi ambayo sokoni haikuwa na mwenyewe.

Kunde nazo hivyohivyo. Kuna kayongo ya kunde, gugu linalonyonya mizizi ya mmea, si hii yetu ya mahindi, inayosumbua Afrika Magharibi. Kinga yake iliyotumiwa sana na wazalishaji mbegu ilipatikana katika B301, kunde ya kienyeji ya Botswana. Kinga dhidi ya fukusi wa kunde ilipatikana katika TVu 2027, kunde ya kienyeji ya Nigeria. Ila kwa kiwavi anayetoboa maganda, Maruca, kunde zilichunguzwa kwa maelfu bila kupata kinga ya kutosha. Ipo kwa jamaa wa kunde wa porini, lakini huyo na kunde hawazaliani. Ndiyo maana mwaka 2019 Nigeria iliidhinisha kunde iliyopandikizwa jeni kutoka kwa bakteria.

Kijana wa nyuma pale anataka kuniuliza kuhusu benki ya mbegu ya taifa kule Muguga. Ipo, na inafanya kazi kubwa. Lakini mbegu iliyo kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri haikutani na ukame wa mwaka huu. Na tazama mizani ya dunia: mpunga una sampuli zaidi ya 130,000 kule IRRI, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga, Ufilipino. Njugu mawe, kule IITA, kituo cha kimataifa cha kilimo cha kitropiki, Ibadan, Nigeria, kama 2,000.

Muda unaniishia. Kuoanisha koo mbili kwa mkono nitakugusia tu. Ua la kesho unalifungua usiku wa leo kwa kibano chembamba, unaondoa vifuko vyote kumi vya chavua, kisha alfajiri unapaka chavua ya baba. Ukichelewa, limeshajichavusha. Ukilibana kwa nguvu, linadondoka. Mengi hudondoka hata kwa mkono mwepesi. Na msikimbilie kushangilia wala kukata tamaa mkiona punje ina rangi ya mama: ganda la punje ni mwili wa mama. Panda, vuna, ndipo utajua kama ndoa ilifungwa.

Njahi nilitaka kuzisema. Basi, siku nyingine.

Mliobeba mbegu, kabla ya kuzileta mezani: weka punje chache na chumvi kavu ndani ya chupa ya kioo, tikisa, subiri dakika kumi. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mbegu bado mbichi; rudi uianike kivulini. Ikiwa kavu, ifunge pasipoingia hewa, na juu ya bahasha andika kijiji, tarehe ya kuvuna, idadi ya mashina, na jina ambalo nyanya anaiita. Bahasha ziko kwa yule dada aliyeketi mlangoni.