Kizuri Hakijiuzi Tena
Mazungumzo na watafuta kazi, Lamu, baada ya sala ya alasiri

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango ili nikianza kuchosha muweze kutoka kimyakimya. (Kicheko.) Nimewaona.

Nimeombwa niseme juu ya kutafuta kazi siku hizi. Nitaanza kwa kugombana na methali, wazee waniwie radhi. Sote tumelelewa nayo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nasema methali hii imewanyima kazi watu wengi wa Amu, Lamu yetu hii, kuliko hata ukosefu wa vyeti.

Ilikuwa kweli, sikatai. Fundi wa majahazi kule Matondoni hakuhitaji kuandika kitu. Jahazi lake lilipita mbele ya mji, watu wakaliona limekaa sawa majini, haliingizi maji, basi. Anayetaka jahazi atamfuata. Mpishi wa harusi hutafutwa kwa pilau ya harusi iliyopita. Hata mahoteli ya Shela yaliajiri hivyo kwa miaka mingi: meneja anamwambia nahodha, niletee kijana mmoja mzuri, na nahodha anamleta mpwa wake. Asiye na mjomba nahodha alibaki barazani, na hilo lilikuwa dhuluma yake, lakini angalau kila mtu alijua mlango uko wapi.

Sasa tazameni ng'ambo. Tarehe 20 Mei 2021 gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa kule Kililana. Leo magati ni matatu, kila moja urefu wake mita 400. Wengi wetu tulidhani bandari italeta kazi kama ile waliyotusimulia babu zetu waliokwenda Mombasa, ya makuli kwa mamia, kila mtu na gunia lake begani. Bandari ya leo hainyanyui kwa mabega. Winchi moja, mtu mmoja kakaa juu kwenye kibanda, na mwingine mbele ya kompyuta. Wanaotakiwa ni wachache, na wanatafutwa kwa tangazo la mtandaoni. Anayechagua yuko Nairobi au Mombasa. Hakujui, hamjui mjomba wako, na pilau yako hajaionja.

Wala si bandari peke yake. Kaunti yenyewe inatangaza nafasi mtandaoni. Mashirika pia. Hoteli nyingine afisi yake ya kuajiri haiko tena kisiwani. Mji ni uleule, lakini mwenye kuchagua amekuwa mgeni.

Niwape kisa changu, na ndani yake mimi ndiye mwenye kosa. Miaka mingi nilikuwa karani katika hoteli moja hapa, jina lake nitaliacha. Tukataka fundi wa mashini za boti. Barua zikaja, karibu sitini. Moja ilikuwa ya mtu ambaye kila mwenye boti kisiwani anamjua. Mashini ikikohoa tu yeye anajua inaumwa wapi. Barua yake ilikuwa mstari mmoja: "Naomba kazi ya mashini. Mimi najulikana." Nikacheka, nikaitia kwenye bahasha pamoja na nyingine, nikazipeleka Nairobi kwa wakubwa. Sikuongeza hata neno moja la kumshuhudia. Nilijisemea, huyu si ajulikana?

Alichukuliwa mwingine, mwenye wasifu wa kurasa sita. Miezi miwili haikutimia, boti mbili zilikuwa zimevutwa pwani hazisogei. Tukamwita nani kuzitengeneza? Yuleyule. Kwa kibarua cha siku. Alikuja, akafanya kazi yake, akapokea pesa zake, akanitazama. Hakusema kitu. Mpaka leo nikikutana naye mtaani Langoni mimi ndiye hutangulia kutoa salamu.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuandika zaidi, alinijibu: "Nijisifu mimi mwenyewe? Si haya hiyo?"

Hapo ndipo penye shida yetu. Sisi tumefunzwa kwamba mtu akijisifu kakosa adabu. Basi kijana wetu akiambiwa aandike wasifu, ama anaandika mstari mmoja kwa heshima, ama anakwenda saiba, anapewa maneno yaliyokwisha andikwa: "mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye bidii, ninayeweza kufanya kazi na wengine." Maneno hayo nimeyasoma katika mamia ya barua. Hayana mtu ndani yake. Na ajabu ni kwamba hayo ndiyo majisifu hasa! Kusema "mimi ni mwaminifu" ni kujisifu. Kusema "kwa miaka minne nilishika pesa za duka la ami yangu na kila Ijumaa tulihesabu pamoja" ni kutoa habari. Msomaji ndiye atakayesema, huyu mwaminifu. Mwachie yeye aseme.

Kwa hiyo siwaambii mjitembeze. Nawaambia muishuhudie kazi yenu kama shahidi mbele ya kadhi. Shahidi haapi kwamba yeye ni mtu mzuri. Anasema alikuwa wapi, lini, aliona nini, na nani mwingine alikuwepo.

Tuchukue fundi wa majahazi. Aandike: tangu mwaka fulani hadi mwaka fulani, nilifanya kazi na fundi fulani. Tuliunda mashua ngapi, za futi ngapi. Nilitia kalafati vyombo vingapi. Mbao nilizichagua mimi au nililetewa? Chombo kikubwa kuliko vyote kiko wapi sasa, kinabeba nini? Kisha simu za watu wawili watakaojibu wakipigiwa. Na tafadhali, waambie kabla hujaziandika nambari zao. Nimewahi kupiga simu kuuliza habari za kijana, nikajibiwa, "Nani? Yule aliyenikimbia na deni?" (Kicheko kirefu.) Nyinyi mnacheka, mimi nilikosa pa kuutia uso.

Picha pia ni ushahidi. Mchonga milango anayo simu mfukoni mwaka wa kumi sasa, imejaa picha za harusi na mipira, mlango hata mmoja hamna. Piga mbao kabla, piga katikati, piga ukishamaliza. Hifadhi mahali simu ikizama baharini picha hazitazama nayo.

Halafu kuna karatasi ya serikali, na hapa niseme polepole. Mtu aliyejifunza kwa mikono, hakukanyaga chuo, anaweza kupimwa na NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Ni mtihani wa gredi, kuanzia ya tatu kupanda hadi ya kwanza, na unapimwa kwa kufanya kazi. Uashi, useremala, umeme, makanika. Anayeendesha boti yuko kwenye mikono ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ndiyo inayotoa leseni ya unahodha wa vyombo vidogo. Na anayetaka meli kubwa hana budi apate kwanza mafunzo ya usalama, kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, kama yanavyotolewa Bandari Maritime Academy kule Mombasa. Najua mtu wa Kizingitini, kijiji cha wavuvi, atauliza, mimi nifundishwe kuogelea? Hufundishwi, bwana. Unaandikiwa kile unachokijua, ili asiyekujua akisome.

Lakini msikimbilie kila karatasi. Cheti cha mwenendo mwema, barua ya kodi, barua ya HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, zote zina gharama, ya ada au ya nauli. Sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri haruhusiwi kukudai hati hizo za kuidhinishwa ila anapokusudia kuandikiana nawe mkataba. Kwa hiyo ukiambiwa ulete zote ndipo jina lako liandikwe tu kwenye orodha, una haki ya kuuliza kwa adabu.

Jambo la mashine. Kampuni kubwa hutumia programu za kuchuja maombi kabla mtu hajayasoma. Programu husoma maandishi. Ukipiga wasifu picha kwa simu ukaituma, huenda isione kitu, karatasi nyeupe. Andika kwa kompyuta, bila mapambo wala visanduku. Na tumia maneno ya tangazo lenyewe. Wao wakisema mtunza ghala, na wewe umeandika "nilikuwa nakaa stoo", mnazungumza jambo moja na hamtakutana.

Na ile akili mnemba inayoandika barua? Itumie. Ikusahihishie Kiingereza, sioni aibu. Ila kumbuka jirani yako naye anaitumia, na wa Garissa, na wa Kilifi. Barua zote sasa zinafanana kama mapacha, zimenyooka, zina harufu moja ya marashi. Ndiyo sababu waajiri wengine wanarudi kwenye kupima kwa mikono: njoo tukuone ukifunga fundo, njoo upike, hebu tengeneza hii jedwali hapa hapa. Hilo kwetu ni heri. Lakini ole wako barua iseme umeongoza watu ishirini, kisha uulizwe majina ya watatu.

Matapeli sitawamalizia muda. Anayekwambia leta elfu kumi jina lipite bandarini, mwizi. Wakala wa kazi za Ghuba, ulizia kwanza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kabla hujampa pasipoti wala shilingi.

Haya, nimenyamaza. Kuna mkono pale. Mwanangu, sema.

(Binti mmoja akasema: "Mwalimu, mimi sijawahi kuajiriwa. Nimekuwa nikimsaidia mama kupika maharusini tu. Na pale hotelini wanataka mtu wa jikoni mwenye uzoefu.")

"Tu"? Hebu nikuulize. Tangu lini?

("Tangu nimalize darasa la nane. Miaka sita.")

Harusi ngapi kwa mwaka?

("Sijui... nane, tisa. Mwezi wa Ramadhani hamna.")

Kubwa kuliko zote mlilisha watu wangapi?

("Mia nne hivi.")

Nani aliyekuwa akipima mchele?

("Mimi. Mama alinifunza.")

Na siku ile ya watu mia nne, chakula kilitosha?

("Kilibaki.")

Mpeni kalamu huyu.