Kanisa la Mlimani, Eisenstadt: Misa za Haydn na Mafuvu Mawili

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, mwalimu wetu, wazee wangu na wanakwaya wenzangu, nimeombwa niwasimulie safari yangu ya Austria. Habari za Vienna nitaziruka, maana hizo kila mtu anazo. Twendeni Eisenstadt, mji mdogo kama kilomita 50 kusini mwa Vienna, kwenye kanisa liitwalo Bergkirche, yaani Kanisa la Mlimani.

Mlima wenyewe usiwatishe. Ni kilima, na sehemu yake imejengwa kwa mikono: ngazi, mapango na sanamu za Njia ya Msalaba, kazi ya mwanzoni mwa miaka ya 1700. Ukoo tajiri wa Esterházy ulianza mwaka 1715 kujenga hapo kanisa kubwa mno la hija. Nguvu ziliwaishia. Kilichokamilika, tena mwaka 1803, ni sehemu ya altare peke yake. Mimi nilisimama katikati ya kanisa nikitazama juu, kumbe kwa ramani ya kwanza nilikuwa nimekanyaga patakatifu.

Joseph Haydn, mtunzi wa muziki, aliajiriwa na ukoo huo mwaka 1761. Nasema aliajiriwa, maana mkataba wake ulimtaka avae sare na soksi nyeupe kama watumishi wengine wa nyumba, na alichotunga kilikuwa mali ya bwana. Uzeeni, kati ya 1796 na 1802, alitunga misa sita kubwa, nyingi kwa ajili ya sikukuu ya somo wa Maria Hermenegild, mke wa Prinsi Nikolaus II. Kadhaa ziliimbwa mara ya kwanza hapo mlimani, na kinanda cha mwaka 1797 bado kipo.

Sasa hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko wenzangu wa msafara, mpaka wakaniita. Mwaka 1798 Prinsi alibana matumizi, akawaachisha kazi wapiga ala za kupuliza kama obo na klarineti. Haydn akabaki na vayolini na ala nyingine za nyuzi, kinanda, ngoma na tarumbeta tatu. Akatunga kwa hivyo hivyo alivyonavyo, na tukapata ile misa inayoitwa ya Nelson, kali, ya kutetemesha. (Hiyo iliimbwa kwanza katika kanisa la parokia la mjini; watu wengi huchanganya.) Mwaka 1802 wapulizaji walikuwa wamerudi, naye akawajaza tele katika misa yake ya mwisho: filimbi, obo, klarineti, fagoti. Jina lake, Harmoniemesse, linatokana na bendi hiyohiyo, maana kundi la wapulizaji waliliita Harmonie. Nasi tunalalamika kwamba waimbaji wetu wa besi wako wawili tu.

Haydn alipodhoofika, Prinsi akamwagiza mtunzi mwingine, Beethoven, atunge misa. Misa yake ya C iliimbwa hapo tarehe 13 Septemba 1807. Siku moja kabla, kwenye mazoezi, kati ya waimbaji watano wa alto alifika mmoja. Mmoja! Prinsi mwenyewe aliandika barua ya hasira kutaka maelezo. Naona alto mnaangaliana. Misa ilipoimbwa haikumpendeza, na katika barua nyingine aliiita kichekesho kisichovumilika. Beethoven alipoichapisha, heshima ya kuwekwa jina mwanzoni mwa kitabu alimpa bwana mwingine. Mimi nimeisikiliza Kyrie yake, yaani Bwana Utuhurumie, mara nyingi, na kwa maoni yangu Prinsi alikosea. Lakini siwezi kujua ilisikikaje kwa alto ambao hawakufanya mazoezi.

Haydn mwenyewe yumo humo kanisani, katika kaburi la marumaru nyuma ya geti la chuma. Alifariki Vienna tarehe 31 Mei 1809, jeshi la Napoleon likiwa limeukalia mji, akazikwa haraka. Watu wawili walimhonga mchimba kaburi wakaiba kichwa, kwa sababu siku hizo kulikuwa na wanaoamini kwamba kipaji cha mtu husomwa kwenye mabonde na vilima vya fuvu. Mwaka 1820 Prinsi alipotaka kuuhamishia mwili Eisenstadt, jeneza likafunguliwa: mwili upo, kichwa hakipo, limebaki wigi! Polisi walipokwenda kupekua kwa mmoja wa wezi, inasimuliwa kwamba mkewe, mwimbaji Therese Gassmann, alikuwa kitandani akidai hajisikii vizuri, fuvu likiwa chini yake. Prinsi akapewa fuvu la mtu mwingine, akalizika. Fuvu la kweli lilirudishwa mwaka 1954, na lile la yule asiyejulikana halikuondolewa. Kwa hiyo kaburini kuna mwili mmoja na mafuvu mawili.

Nina Kyrie ya misa ya Nelson hapa kwenye simu. Fundi mitambo, nisaidie kuiunganisha na spika. Sikilizeni tarumbeta na ngoma zinavyoanza kabla ya sauti ya mtu yeyote.